Wepesi na Kufuli: Kwa Nini Baadhi ya Wajuzi wa Kompyuta Huzichukia Chapa Zinazopendwa na Wengi

Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu mstaafu wa Chumbageni aliniletea kibandani kwangu, Ngamiani mjini Tanga, kompyuta mpakato aliyoletewa na mwanawe anayefanya kazi ng'ambo. Ni ya chapa inayojulikana sana, nyembamba kama daftari la shule, na malalamiko yake yalikuwa mawili: chaji haikai, na akifungua picha nyingi kwa pamoja mashine inakuwa nzito. Alitaka betri mpya na ramu zaidi, yaani kumbukumbu ya mashine ya kufanyia kazi, jambo ambalo kwa kompyuta za mtumba tulizozizoea hapa mjini humalizika kabla kahawa haijapoa. Tulipofungua bamba la chini tulikuta betri imebandikwa kwa gundi, na ramu imetiwa lehemu juu ya mazabodi yenyewe, ule ubao mkuu wa mashine, haina pa kuchomolewa wala pa kuongezewa nyingine. Kijana ninayemfundisha kazi aliitazama kwa muda, kisha akasema: "Fundi, hii ni kompyuta ya watu wasioijua kompyuta."

Mwalimu alikuwa ameketi palepale kwenye benchi. Akamjibu kwa upole: "Mwanangu, nimeiandikia miaka sita na haijanisumbua hata siku moja. Zile za shuleni zilinifanya niogope kugusa kitufe nisije nikaharibu mali ya serikali."

Kijana aliomba radhi na mambo yakaishia hapo, lakini maneno yale mawili yamekaa nami tangu siku ile, kwa sababu yote mawili yana ukweli, na kwa sababu ugomvi uliomo ndani yake ni wa zamani kuliko kijana huyo. Popote penye watu waipendao teknolojia hukosi kumkuta anayeisema Apple kwa uchungu, au anayeitaja Microsoft kama mtu anayemtaja mdeni wake, au anayemcheka mwenzake kwa kununua simu ambayo "inafikiri kwa niaba yako". Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni la ajabu: mtu aipendaye kompyuta kwa moyo wote angepaswa kufurahi inapofika mikononi mwa mamilioni ambao zamani waliiogopa.

Ninavyoliona mimi, chuki hii ni kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Uzi mmoja ni heshima ya ujuzi, na wa pili ni swali la nani anashika ufunguo. Kila aliyekulia katika mji huu wa mkonge anajua kwamba kamba ya katani hufumuliwa kwa kurudi nyuma, kwa kuanzia pale ilipofungiwa, na hapa ilipofungiwa ni katikati ya miaka ya 1970.

Wakati ule hapakuwa na tofauti kati ya mtumiaji na mjuzi. Altair 8800, iliyotangazwa Marekani Januari 1975, iliuzwa kama vipande vya kuunganishwa na mnunuzi mwenyewe, na baada ya taabu yote hiyo haikuwa na kibodi wala kioo. Maelekezo yaliingizwa kwa kuinua na kushusha swichi, na majibu yakasomwa kwenye safu za taa ndogo. Machi mwaka huohuo wapenzi wa mashine hizi walianza kukutana kwenye gereji huko Menlo Park, California, wakajiita Homebrew Computer Club, wakawa wanapeana michoro, vipuri na programu. Humo ndani alikuwamo Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa Apple. Kampuni ya Apple, iliyoanzishwa Aprili 1976, ilizaliwa katika nyumba hiyohiyo ya watu wa kufungua na kuunganisha, jambo ambalo wengi wanaoichukia leo hawalikumbuki.

Apple II ya mwaka 1977 ilibeba alama ya nyumba hiyo. Mfuniko wake uliinuliwa kwa mikono mitupu, na ndani yake mlikuwa na nafasi 8 za kuchomeka kadi za ziada. Steve Jobs, mwanzilishi mwenzake Wozniak, alitaka ziwe 2 tu, zinazotosha printa na modemu. Wozniak alishikilia 8, kwa sababu alijua kwamba watu wa aina yake wangebuni matumizi ambayo yeye mwenyewe hangeweza kuyawazia. Mwaka 1984 mambo yaligeuka. Macintosh, iliyozinduliwa tarehe 24 Januari kwa bei ya dola 2,495, ilileta kipanya, madirisha na picha ndogo za faili kwa mtu wa kawaida, na ilikuwa mashine ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa kwa wingi. Lakini ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128 isiyoongezeka kwa njia ya kawaida, haikuwa na nafasi hata moja ya kadi, na kuifungua kulihitaji bisibisi ndefu ya aina yake ambayo mnunuzi hakupewa. Ndani ya kasha lake zilichongwa saini za watu walioitengeneza. Huwa nazifikiria sana saini hizo: watu waliojivunia kazi yao kama mchongaji wa mlango anavyojivunia nakshi, wakaziweka mahali ambapo mwenye mali hakutarajiwa kuzifikia kamwe.

Katika kasha hilo moja wepesi na kufuli vilikaa pamoja, na tangu hapo watu wengi wameshindwa kuvitenganisha.

Ili kuvitenganisha inafaa kulielewa jambo moja alilolieleza Larry Tesler, mtafiti wa kituo cha kampuni ya Xerox cha Palo Alto aliyehamia Apple mwaka 1980, na ambaye ni miongoni mwa waliotuletea utaratibu wa kukata, kunakili na kubandika maandishi. Hoja yake ilikuwa kwamba kila kazi ina kiasi cha ugumu kisichoweza kuondolewa. Linaloweza kuamuliwa ni nani ataubeba, mtumiaji au mtengenezaji. Wale waliopata kuunganisha printa zamani, wakahangaika na diski ya madereva, yaani programu za kuiendesha printa, wakachagua mlango sahihi na kuwasha upya mara tatu, wanajua ugumu huo ulivyokuwa. Leo printa inajitambulisha yenyewe, lakini kazi ile haikufutika; kuna mtu mahali fulani aliifanya kabla yako na kuifungia ndani ya mfumo. Mashine nyepesi, kwa hiyo, ni mashine ambayo uamuzi mwingi umekwisha kuchukuliwa kwa niaba yako, na yule aliyeuchukua ndiye aliyeshika mpini.

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli inaonyesha jambo hili kwa upande wa pili. Fundi wa chini ya mwembe mwenye spana tatu, pampu na sahani ya maji ya kutafutia pancha anaweza kuifungua baiskeli yoyote ipitayo barabarani, awe ameiona kabla au hajaiona, kwa sababu ugumu wake wote uko nje, unaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Mtoto anayekaa karibu naye kwa mwezi mmoja atajua kunyoosha rimu. Hakuna aliyemfundisha kwa kitabu. Alijifunza kwa kuwa kitu chenyewe hakikujificha. Kizazi cha kwanza cha wapenzi wa kompyuta kilijifunza hivyohivyo, na mashine iliyofungwa iliwagusa kama jirani aliyejenga ukuta mahali palipokuwa na njia ya wote.

Sasa niushike uzi wa kwanza, ule wa heshima, ambao ndio unaosikika zaidi katika mabishano na ndio dhaifu zaidi.

Mtu aliyetumia miaka kukariri amri, kujifunza jinsi faili zinavyopangwa na kuokoa data za watu kwenye diski zilizokufa amelipa gharama, na malipo yake ni heshima: ndiye anayeitwa usiku kompyuta ya ofisi ikigoma. Siku inapotokea mashine isiyogoma, au inayotumika bila amri hata moja, sehemu ya mtaji wake inapungua thamani. Washairi wetu waliyaonja maumivu ya jinsi hiyo katika malumbano ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru. Waliolelewa katika vina na mizani, waliojua kuhesabu silabi kama mtu anayehesabu pumzi, waliona watu wakiitwa washairi bila kupita katika mlango waliopita wao, na ukali wa maneno yao haukutokana na hoja za sanaa peke yake. Huwezi kumlaumu mtu kwa kupenda kilichomgharimu.

Wanasaikolojia walilijaribu jambo hili mapema. Mwaka 1959 Elliot Aronson na Judson Mills walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa kike waliotaka kuingia katika kikundi cha majadiliano walipitishwa katika masharti mazito ya aibu, wengine mepesi, na wengine hawakupewa sharti lolote. Wote walisikilizishwa mazungumzo yaleyale, yaliyotungwa makusudi yawe ya kuchosha. Waliopitia masharti mazito ndio waliyasifu zaidi. Taabu ikishalipwa, moyo hutafuta thamani ya kuilinganisha nayo, na mtu anayekuja kuonyesha kwamba taabu hiyo haikuhitajika huonekana kama mwenye kuidharau.

Chapa zenyewe zimechochea moto huu. Kati ya mwaka 2006 na 2009 Apple ilionyesha kwenye televisheni mfululizo wa matangazo ambamo kijana mtulivu alijitambulisha kuwa Mac, na bwana mnene mwenye suti, aliyejaa mikwamo, akajitambulisha kuwa PC. Kompyuta ikageuzwa kuwa aina ya mtu. Ukishaambiwa kwamba chombo chako cha kazi ni ushamba, utajibu kwa kumwita mwenzako mjinga aliyeuziwa urembo, na hapo mazungumzo ya kiufundi yamekwisha. Kwetu bei huongeza uchungu, kwa kuwa kwa thamani ya mashine moja mpya ya chapa hiyo mtu hapa Tanga hupata kompyuta kadhaa za mtumba zinazofanya kazi vizuri, na anayeimiliki huonekana ananunua jina.

Upo ushahidi kwamba uzi huu wa heshima unaweza kusimama peke yake bila ule mwingine, nao ni Ubuntu. Mfumo huu ulitoka Oktoba 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ukiwa toleo la Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, lililokusudiwa mtu wa kawaida, na kwa miaka kadhaa CD zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi kwa yeyote, bei yake ni sifuri, hakuna kufuli lolote la kulalamikia. Hata hivyo miongoni mwa watumiaji wa zamani wa Linux walikuwapo walioudharau na kuuita mfumo wa wanaoanza. (Mwaka 2012 ulipoanza kuonyesha bidhaa za Amazon ndani ya utafutaji wa mtumiaji ulistahili kulaumiwa, lakini dharau ilikuwapo kabla ya hapo.) Palipokosekana kufuli na bado pakawapo chuki, kilichochukiwa ni wepesi wenyewe, na chuki ya namna hiyo mimi siwezi kuitetea. Mwalimu wa Chumbageni hakumnyang'anya mtu chochote kwa kuandika bila woga.

Uzi wa pili ni tofauti kabisa, na ndio ulionifanya niandike.

Karibu na mwaka 1980, katika maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, ililetwa printa mpya ya leza kutoka Xerox. Ilikuwa nzuri, lakini ilikwama karatasi mara kwa mara, na waliotuma kazi zao hawakujua mpaka walipotembea kuifuata. Richard Stallman, aliyekuwa mtayarishaji programu hapo, alikwisha kulitatua tatizo kama hilo kwa printa ya zamani kwa kubadilisha programu yake ili imtumie kila mtu taarifa. Safari hii hakuweza, kwa sababu msimbo chanzo haukutolewa, na alipomwendea mtu katika chuo kingine aliyekuwa nao, aliambiwa kwamba ameahidi kutomgawia yeyote. Septemba 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kutengeneza mfumo ambao yeyote angeweza kuusoma na kuubadilisha, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliongeza kiini cha Linux ambacho leo kinaendesha seva nyingi za dunia na kimo ndani ya kila simu ya Android. Katika kisa cha printa hapakuwa na suala la wepesi. Palikuwa na mtu aliyejua kurekebisha, aliyekuwa tayari kurekebisha bure, akazuiwa.

Malalamiko mengi mazito dhidi ya chapa pendwa ni ya ukoo wa printa ile. Tangu Julai 2008, Apple ilipofungua duka lake la programu za simu, mwenye iPhone alikuwa na mlango mmoja tu wa kupatia programu, na kampuni ilichukua hadi asilimia 30 ya kilichouzwa humo. Ilihitajika sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuibana Machi 2024, ndipo maduka mengine yakaruhusiwa, tena katika nchi za umoja huo. Microsoft nayo, ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, iliwaacha nje ya Windows 11 wenye mashine zisizo na chipu ya usalama ya TPM 2.0 au zenye prosesa za zamani. Kompyuta hizo hazijaharibika. Nyingi ya zinazopita kibandani kwangu ni za umri huo, na mtu akija nimpigie windo, kama tusemavyo mafundi kwa kuweka Windows upya, inanibidi kumweleza kwamba mashine yake nzima, yenye afya, imestaafishwa kwa barua iliyoandikwa mbali.

Kisa cha betri za iPhone kinaonyesha vizuri kuliko vyote jinsi nyuzi hizi zinavyosokotana. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa inapunguza kasi ya baadhi ya simu zake za zamani kwa njia ya masasisho. Sababu ya kiufundi ilikuwapo: betri iliyochakaa hushindwa kutoa umeme wa kutosha prosesa inapouhitaji kwa ghafla, na simu huzimika mkononi ingawa chaji inaonyesha ipo. Kupunguza kasi kulizuia kuzimika huko, na mhandisi mwaminifu angeweza kuchagua njia hiyohiyo. Lakini mwenye simu hakuelezwa. Aliona simu imekuwa nzito, akadhani imezeeka, na wengine wakanunua mpya, kumbe betri mpya ingetosha. Kampuni iliomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 ikakubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi. Uamuzi ulikuwa wa kumrahisishia mtu, na wakati huohuo ulimnyima habari ya mali yake mwenyewe. Mjuzi anayekasirika hapa hakasiriki kwa sababu simu ni rahisi kutumia, na anayemjibu kwamba ana wivu hajamsikia.

Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila kufuli ni hila. Ramu iliyo karibu kabisa na prosesa hupeleka data kwa kasi na kula umeme kidogo, ndiyo maana kompyuta za Apple zenye chipu ya M1, zilizotoka Novemba 2020, hukaa na chaji kwa saa nyingi. Kufuli ya simu iliyoibwa humfanya mwizi abaki na kipande cha kioo. Duka linalokagua programu huwakinga wengi na matapeli. Ugumu ni kwamba sababu hizi za kweli na faida ya mauzo hupita katika tundu moja, na aliye nje hana njia ya kujua ipi imepita lini. Hiyo ndiyo sababu dai la haki ya kutengeneza, yaani ya mwenye kifaa kukirekebisha au kukipeleka kwa fundi ampendaye, limepata nguvu: jimbo la New York lilipata sheria yake Desemba 2022, Apple yenyewe ilianza kuuza vipuri na miongozo kwa watu wa Marekani Aprili 2022, na kanuni ya Ulaya inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji.

Kwa msomaji wa Kiswahili ufunguo una maana moja zaidi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu kwa Kiswahili. Hakuna aliyehitaji kumshawishi mwenye kampuni kwamba soko letu linatosha. Msimbo ulikuwa wazi, watu wakakaa wakatafsiri. Microsoft nayo ilikuja kutoa sura ya Kiswahili kwa programu zake, na tulinufaika, lakini hiyo ilikuja ilipoamua yenyewe.

Nikirudi kwa yule kijana, kilichomuuma siku ile nakijua, maana kiliniuma mimi kabla yake. Yeye alijifunza kwa kufungua. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa kasha kuukuu lisilo na mfuniko, alilochomoa na kuchomeka ramu zake mpaka akajua sauti ya kila kosa. Anapoona mashine isiyofunguka anajiuliza watakaomfuata watajifunzia wapi, na swali hilo ni zito. Kosa lake lilikuwa kumtupia mwalimu swali ambalo alipaswa kumtupia mtengenezaji.

Betri tuliiagiza Dar es Salaam ikaja na basi. Kijana alikaa nayo alasiri nzima, akipasha gundi joto kidogo kidogo na kuupitisha chini ya betri ya zamani mshipi wa kuvulia, akiuvuta kulia na kushoto taratibu ili asitoboe kitu, huku mwalimu akimsimulia shule za Muheza alizofundisha. Jioni mashine iliwaka. Ramu ilibaki gigabaiti 4 zilezile, na kabla hajaondoka kijana alimwonyesha jinsi ya kufungua picha zake chache chache.